Hata Mkwe wa Nahodha

Kaloleni, Arusha
11 Mei 1998

Baba,

Shikamoo. Nimeitanguliza kabisa, kwa sababu huko chini sijui kama heshima itafika salama.

Dismasi alikuja. Ulimtuma yeye kwa niaba ya kikundi chenu, kwa kuwa wewe, mwenyekiti wa waokoaji wa hiari wa Moa, huwezi kukaa kwenye viti vya ofisi kuandika kanuni za bahari pamoja na watu wanaoishi chini ya mlima. Maneno hayo aliyafikisha kama yalivyo, na wajumbe wa Pangani na Bagamoyo wakacheka. Alikaa vizuri siku zote za kikao. Tulijadili maboya ya kuvaa, tukajadili redio, tukajadili blanketi za Wasomali mnaowatoa majini. Tulipofika kifungu cha tisa, boti ikijaa ni nani aseme imejaa, Dismasi akaomba kutoka. Nikamfuata na kikombe cha chai. Nikamkuta nyuma ya ofisi pale Njiro, ameegemea ukuta, anamlilia mume wangu.

Baba, Nasri hakuteleza.

Uliniambia aliteleza. Ulimwambia mama yake, Bi Sophia, mbele ya msiba mzima pale Sokon One, kwamba kijana alisimama ovyo, hakufunga boya, boti ikayumba, akaenda. Nimekaa eda nzima nikimlaumu marehemu. Kila nilipokunja nguo zake nilimwambia, mzembe wewe, fundi wa mashine miaka yote hiyo unashindwa kufunga kamba. Mama yake hadi leo akimwombea dua anaanza kwa kumsamehe uzembe wake. Uzembe gani, Baba?

Dismasi, aliyekuwa nanyi botini siku ile, anasema mashua ya Wasomali ilikuwa imepasuka, watu wako majini, na wewe ulikuwa mbele ya boti unawavuta mmoja baada ya mwingine, hugeuki nyuma. Nyuma kwenye mashine maji yalikuwa yanaingia. Nasri aliyaona. Akavua boya lake akamvisha msichana mmoja, kisha akajishusha majini taratibu, kama mtu anayetoka kitandani asimwamshe mtoto, akashika kamba ya ubavuni. Alikwenda kupunguza uzito wake. Aliona bora ashuke kwenye boti kuliko kukwambia basi. Mlipokaribia pwani hakuna aliyekuwa ameshika kamba.

Na unajua kwa nini hakusema. Safari moja kabla ya hiyo alijaribu. Alikwambia, "Baba, naona tumejaa," ukamjibu mbele ya wenzake, "Nimekuoza binti, sasa unataka nikuoze na boti?" Watu wakacheka. Hakufungua mdomo tena.

Rasimu ya mwongozo naipiga taipu mimi. Kifungu cha tisa nimekiandika hivi: "Mtu yeyote aliyemo botini, hata aliye mdogo kuliko wote, hata mkwe wa nahodha, akisema BASI, nahodha ataacha kupakia na atageuza kurudi pwani. Aliyesema hataulizwa sababu mpaka wafike nchi kavu." Kamati imekipenda. Lakini ni lazima vikundi vyote vitatu vitie sahihi, vinginevyo hakuna mwongozo, na bila mwongozo wafadhili hawatoi redio wala maboya kwa kikundi chochote.

Dismasi anakuletea rasimu. Tia sahihi.

Binti yako,
Salwa


Moa
24 Mei 1998

Salwa mwanangu,

Marahaba. Heshima imefika. Imechoka na safari, lakini imefika.

Umeniandikia kama hakimu, nami mshtakiwa nina haki ya kuuliza. Watu walikuwa majini. Wanawake wameinua watoto juu ya vichwa vyao. Mimi nimeinama, mkono wangu umeshika mkono wa mtu, na nyuma yake kuna mkono mwingine unakuja. Haya, nitajie wa kumwacha. Usiniandikie kifungu, niandikie mtu. Yule mwenye mtoto? Yule mzee? Au yule msichana ambaye leo anavaa boya la mumeo na yuko hai? Ukishamtaja, ndipo uniletee karatasi nitie sahihi.

Unauliza kwa nini nilisema aliteleza. Kabla ya kumswalia, shehe alinivuta pembeni akaniuliza imekuwaje. Ningemwambia nini? Kwamba kijana amevua boya kwa mkono wake, akaingia majini kwa miguu yake, na kuogelea kwenyewe hajui, maana amekulia kwenye vumbi la Sokon One? Wapo watu hapa Moa wangesema amejiua, na neno hilo lingefika Arusha kabla ya basi. Nikasema aliteleza. Nilimfunika mumeo, nawe umekuja kumfunua.

Na hicho kifungu chenu. Hata mkwe wa nahodha! Pwani yote hii kuna manahodha wangapi wanaotoka kuokoa watu na wakwe zao? Mmoja. Mmenitaja bila kunitaja. Mambo hayo nayajua. Kiwanda kilipouzwa, sisi madereva tulipewa barua ndefu yenye vifungu, kila kifungu kina adabu zake, kinashukuru kwa utumishi wetu, na mwisho wake turudi makwetu. Nikarudi kwetu. Nikanunua mashine ya boti kwa kiinua mgongo changu, mumeo akaja huku kuishika. Hakuna aliyenituma kutoa watu baharini, wala serikali wala mfadhili. Wanakufa mbele ya macho yangu, natoka. Leo mnataka kunifundisha kutoka.

Sitii sahihi.

Baba yako,
Omari


Kaloleni, Arusha
15 Juni 1998

Baba,

Shikamoo.

Nimekwenda Sokon One kumweleza Bi Sophia. Nilimkuta barazani anachambua mchele, baridi ya Juni imembana, amejifunika blanketi juu ya kanga. Nikamwambia yote, na ya shehe pia, usije ukasema nimekuonea. Nilidhani atalia. Aliweka ungo chini akaniuliza, "Kwa hiyo mwanangu aliona azame, kuliko kumkosea adabu baba mkwe wake?"

Nikasema ndiyo, Mama.

"Mimi ndiye niliyemlea hivyo," akasema. "Alipokuwa mdogo nilimchapa kwa kujibizana na wakubwa. Kumbe kazi niliifanya vizuri mno." Kisha akanigeukia kwa ukali, kama vile mimi ndiye wewe: "Na baba yako? Barabara ya Tanga imekatika? Hawezi kuja kuniambia mwenyewe?" Mchele haukupikwa siku ile.

Unasema ulimfunika Nasri. Ungeweza kumwambia shehe ukweli, kwamba kijana amejitoa ili wengine wafike. Nani angekataa kumswalia mtu wa namna hiyo? Ulichagua neno lililomfunika yeye, na wewe ukapata nafasi chini ya shuka hiyohiyo. Na baridi ikatupiga sisi wawili, mimi na mama yake.

Nitajie wa kumwacha, unasema. Sina wa kukutajia. Lakini aliyeachwa namjua, nimezaa naye ndoto za nyumba ya vyumba viwili ambayo haitajengwa tena. Wewe hukumwona akishuka kwa sababu hukutaka kugeuka.

Mwenyekiti wa kamati, Bwana Gadiel, ni Mwarusha wa Ilboru na anaheshimu wakubwa mpaka anachosha. Nilidhani atakuwa upande wako. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kwao mwanamume akimwona mama mkwe wake njiani huacha njia, akapitia kwenye migomba. "Kwa hiyo kijana huyo namwelewa," akasema. "Lakini baharini, Salwa, apishe aende wapi?"

Yale maneno ya mkwe wa nahodha yanabaki.

Salwa


Moa
2 Julai 1998

Salwa,

Marahaba.

Mwambie Bi Sophia barabara haijakatika.

Rasimu hii hapa. Nimetia sahihi kila ukurasa, msije mkasema Moa ndiyo inayozuia redio za wenzake. Kwenye kifungu cha tisa nimekata maneno manne. "Mtu yeyote" inatosha, kwani mkwe si mtu?

Mdogo wako Swabaha anakusalimu. Mumewe Shamsudin ndiye anayeshika mashine siku hizi. Kijana mtulivu, hana maneno.

Omari


Kaloleni, Arusha
13 Julai 1998

Baba,

Umemweka Shamsudin? Kwenye kiti kilekile?

Hana maneno! Sifa hiyohiyo ulimpa Nasri siku unanioza. Ulisimama pale uani kwetu Kaloleni, wageni wamejaa, ukawaambia, "Nimepata kijana hana maneno." Nikajisikia vizuri, mjinga mimi. Yako wapi sasa maneno aliyokuwa hana? Yangemsaidia.

"Mtu yeyote" haitoshi, nami nitakwambia kwa nini. Mkwe wako akisoma "mtu yeyote" hajioni humo. Anamwona Dismasi, anamwona mvuvi wa jirani, anaona wote wanaoweza kukwambia kitu ukacheka nao. Yeye ni mkwe. Kula mbele yako anaona haya, kukohoa mbele yako anaona haya. Kingekuwepo kifungu chako siku ile, Nasri angekisoma, angekikunja vizuri, angekitia mfukoni, na angeshuka majini vilevile. Ni lazima asome mwenyewe, kwa macho yake, kwamba ni yeye anayeambiwa aseme.

Rasimu nairudisha kwa basi la kesho. Bwana Gadiel nimemwambia Moa haijatia sahihi. Wa Pangani wameandika barua ya hasira kwamba mtu mmoja anawachelewesha, na wana haki. Kikao cha mwisho ni mwisho wa Septemba. Siku hiyo, Gadiel anasema, kama hujakubali, maneno manne yataondoka ili redio ziende. Nikamjibu yakiondoka, nami naondoka, atafute mpiga taipu mwingine.

Sikukuamkia. Nimeona nilipofika hapa, na sirudi juu.

Salwa


Kaloleni, Arusha
24 Agosti 1998

Baba,

Wiki zote hizi kimya. Nimekwenda stendi kuuliza kama basi la Tanga halikuleta kitu mpaka makarani wananijua kwa jina.

Swabaha naye haandiki. Umemkataza? Mwambie mumewe afunge boya lake. Mwambie mimi ndiye niliyesema.

Salwa


Moa
12 Septemba 1998

Salwa,

Marahaba, ingawa hukuniamkia.

Swabaha sikumkataza. Alichukua rasimu yako akamsomea mumewe kifungu kile, chenye maneno yote manne, jioni baada ya kula, mbele yangu. Makusudi. Shamsudin alitazama sahani mpaka mwisho. Nikatoka nje.

Jumanne, baada ya adhuhuri, tuliitwa. Mashua ilikuwa imelalia ubavu karibu na mwamba, watu wameizunguka wameishikilia. Nikakaa mbele, nikaanza kuvuta. Boti hiyo uzito wake naujua kama nilivyolijua lori langu la kiwandani, sihitaji kuambiwa. Niliujua umezidi, nikaendelea. Nataka uelewe hapo, niliujua. Siku ile nyingine pia niliujua. Mkono ukija usoni kwako, Salwa, hesabu zote zinakutoka.

Halafu nikageuka. Miaka yote sijawahi kugeuka, na nadhani ni matusi yako ndiyo yaliyonigeuza shingo. Shamsudin ana mkono mmoja kwenye mashine. Mwingine uko kifuani, anafungua kamba ya boya. Hanitazami. Anafungua taratibu, kwa adabu.

Nikamwambia, "Shamsu, unafanya nini?"

"Hamna kitu, Baba."

"Unavua boya?"

"Limenibana tu, Baba."

Na maji yamemfika kwenye vifundo vya miguu. Nikapiga kelele, "Sema!"

"Niseme nini, Baba?"

"Sema lile neno ulilosomewa na mkeo!"

Akainamisha kichwa. Yule kijana alikuwa tayari kufa, lakini kunikatiza mimi hakuwa tayari. Nikamtukana. Nilimtukana tusi ambalo baba mkwe halitamki, na watu wote wamelisikia, na Wasomali waliokuwamo wamelielewa bila mkalimani. Ndipo akasema, "Basi, Baba," machozi yanamtoka.

Nikageuza boti.

Sasa nisikilize vizuri, wewe mwenye kifungu. Tuliacha watu. Mwanamke mmoja alikuwa ameshika dumu la mafuta, na vidole vyake vilishafika mkononi mwangu. Nikavitoa. Mimi, Omari, nilivitoa kimoja kimoja. Hakupiga kelele. Alinitazama kama mtu aliyebisha hodi nyumba isiyo yake. Tukashusha watu pwani tukarudi mbio kadiri mashine ilivyoweza. Wengine tuliwakuta. Dumu tulilikuta.

Nilikwambia unitajie wa kumwacha. Umenitajia, na sura yake ninayo hapa. Nina hasira na wewe. Nina hasira na Shamsudin kwa ukimya wake, na Nasri kwa ukimya wake, na hao mabepari wa mashua wanaopakia watu kama mkaa. Nimezigawa zote kwa wenyewe, na bado imebaki kubwa ambayo haina wa kupewa isipokuwa mimi.

Rudisha yale maneno manne. Lakini hayatoshi, nawe ulikosea kudhani yanatosha. Shamsudin alisomewa, alijiona humo, na bado hakusema. Ongeza hivi: "Nahodha ndiye atakayeuliza. Kila ampandishapo mtu atageuka nyuma, atamtaja mkwe wake kwa jina, amuulize kama wamejaa. Na akijibiwa hamna kitu, amwangalie mikono."

Rasimu naileta mwenyewe. Mwambie Bi Sophia nakuja Sokon One, na awaite walewale waliokuwa msibani. Nilisema mbele yao kwamba mwanawe aliteleza. Nitasema mbele yao alichofanya, na nilichofanya mimi.

Baba yako,
Omari


Kaloleni, Arusha
21 Septemba 1998

Baba,

Shikamoo.

Nyongeza yako imeingia kwenye kifungu cha tisa. Mjumbe wa Bagamoyo alilalamika kwamba "amwangalie mikono" si lugha ya mwongozo. Bwana Gadiel akampa kalamu aandike lugha nyingine ya kusema jambo hilohilo. Aliandika, akafuta, akaandika tena, mwisho akairudisha kalamu. Imebaki kama ulivyoisema. Inasubiri sahihi yako tu.

Uliponiambia nikutajie wa kumwacha nilikujibu kwa ukali, kwa sababu nilikuwa nchi kavu, mbele ya mashine ya taipu, mlima dirishani. Ule ulikuwa urahisi wangu. Yule mama wa dumu ni wangu pia. Neno lililomwacha nimeliandika mimi, na usiku na mchana namwona, ijapokuwa sijawahi kumwona. Sikuombi radhi kwa kuliandika, maana Swabaha ana mume leo. Lakini namwombea dua, na inaniuma kwamba hata jina lake silijui.

Usidhani hasira yangu imekwisha. Ulijua boti imezidi, siku zote mbili, na umeniandikia kwa mkono wako. Barua hiyo sijampa Bi Sophia. Hayo utamwambia mwenyewe, kwa mdomo uliotumia mara ya kwanza.

Amekwishapita nyumba kwa nyumba kuwaita watu wa msiba. Mabenchi ameazima kwa jirani. Nikamuuliza tukuandalie nini, umetoka mbali. Akasema, "Kiti atapata. Chai, aseme kwanza."

Nitakusubiri stendi. Na usije peke yako, Baba. Njoo na Shamsudin. Akae mbele, pembeni yako, pale watu wanapomwona. Ukianza kusema, kila ukifika mahali pagumu, geuka umtaje kwa jina, umuulize kama ndivyo ilivyokuwa. Nasi sote tutanyamaza mpaka ajibu.

Binti yako,
Salwa